Mrejesho: laptop mpya iliyokuwa inajizima na skrini ya bluu

Aksanti sana ndugu zangu. Niliuliza kwa nini laptop yangu mpya inatoa skrini ya bluu kisha inajiwasha upya. Mlioshuku moto (umeme) wa Goma unaokatika-katika: niliitumia kwa betri tu, ikazima vilevile. Kuweka Windows upya nako bure. Aliyesema nipime RAM (kumbukumbu ya muda ya laptop) kwa programu ya MemTest86 ndiye aliyepatia, makosa mekundu yalijaa haraka. Fundi wa mtaa wa Birere akapima vipande viwili vya RAM kimoja kimoja, kimoja kibovu. Tangu kitolewe, skrini ya bluu haijarudi. Ila nimebaki na GB 8 badala ya 16, na muuzaji anadai garanti haihusu RAM (eti!). Kuganda ninapofungua kifuniko bado kupo. Kusasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha laptop) kumepunguza tu tatizo hilo.