Nyegere na mkunga wa umeme: nani atamweza mwenzake?

Mdau wa Tabata
Wakuu, kijiweni ubishi haujaisha tangu jana. Mmoja anasema nyegere kwa ile ngozi yake hatikisiki na shoti ya yule samaki, mkunga wa umeme. Mwingine anasema volti 860 si mchezo, wakati soketi ya ukutani ni 230 tu na inaua. Nani yuko sahihi?

Fundi Waya
Wote wameanza vibaya. Volti 860 ni kweli, zilipimwa kwa *Electrophorus voltai*, spishi iliyotambuliwa 2019. Ila pigo moja hudumu kama milisekunde 2. Soketi haichoki, inakung'ang'ania mpaka mtu azime. Mkunga humwaga mapigo mfululizo, hadi kama 400 kwa sekunde, lakini kwa muda mfupi. Misuli ya windo inakakamaa, naye anameza.

Ngozi ya nyegere ni nene na imelegea: akishikwa shingoni anageuka humo humo na kumng'ata aliyemshika. Hiyo ni kinga ya meno. Ikilowa, mbele ya umeme haina msaada wa maana.

Kigamboni77
Nyongeza kwa Fundi. Mnyama akizama mzima, umeme unasambaa majini, kwake unafika kidogo. Ubaya ni kusimama kwenye kina kifupi: mkunga anaruka, anabandika kidevu mwilini, na mkondo unakosa njia nyingine. Mwanabiolojia Kenneth Catania alijipima mkono mwaka 2017 kwa mkunga mdogo tu, ukafika miliampea 40 hadi 50.

Nchi kavu napo asidhani kapona. Kichwa cha mkunga ni chanya, mkia hasi. Nyegere akiuma karibu na kichwa huku kakanyaga mkia, saketi imefungwa na kifua chake kiko katikati.

Mdau wa Tabata
Kumbe! Na hawa mikunga wa soko la samaki la Feri je?

Fundi Waya
Hao shika tu, ogopa meno. Wa umeme si mkunga halisi, ukoo wake uko karibu zaidi na kambare, na kwao ni Amazon na Orinoco. Nyegere hajawahi kumwona. Sisi tuna kambare wa umeme Ziwa Tanganyika. Jamii yake hufika volti 350. Baharini wapo samaki waitwao taa, wenye umeme: volti chache kuliko za mkunga, mkondo mkubwa, kwa kuwa maji ya chumvi yanapitisha vizuri. Fikiria betri za tochi. Mkunga kazipanga maelfu kwa mstari mmoja, taa kapanga mistari mingi sambamba.