Waliniuzia msasa wakauita nta

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, na sitaomba radhi kwa hilo. Kwa muda wa miezi mitano, kila Jumamosi kabla jua halijapanda, nimekuwa nikilisugua gari langu kwa mikono yangu mwenyewe nikiamini kwamba naikinga rangi yake, kumbe ndiyo niliyokuwa naimaliza. Gari lenyewe ni Toyota Harrier ya buluu iliyokolea, yenye viti vya ngozi vya rangi ya maziwa, ambalo nililinunua likiwa limekwisha kutumika Japani, kama yalivyo mengi tunayoyaendesha hapa Kampala. Siku nilipolipokea, boneti yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja wa kuonyesha kwa kidole. Leo ukingo wa mbele wa boneti hiyo una mabaka mawili yaliyofifia, makubwa kama viganja vya mtoto.

Niliamua kuosha nyumbani kwa sababu ninyi nyote mnaijua. Katika vituo vingi vya kuoshea magari, tambara lililotoka kwenye magurudumu ya takisi ndilo linalopanda kwenye boneti ya mteja anayefuata, na ndoo ni moja tangu asubuhi hadi jioni. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko rangi yoyote ya gari, kwa hiyo kila zinapoburuzwa huacha mistari. Nilisema potelea mbali, nitanunua vifaa vyangu.

Hapo ndipo nilipoingia katika duka moja la vifaa vya magari, ambalo sitalitaja. Muuzaji aliniuzia chupa mbili, moja ya rangi na moja ya viti, kila moja shilingi 45,000. "Ssebo, hii ni nta ya Kijapani," aliniambia. "Paka kila wiki, usugue kwa nguvu mpaka ujione uso." Kwenye chupa palikuwa na picha ya gari jekundu la mashindano na maneno machache ya kujisifu, basi. Hapakuwa na orodha ya kilichomo, wala jina la mtengenezaji, wala alama ya Q ya Shirika la Viwango. Kosa langu la kwanza ni kwamba niliitazama picha.

Nilipaka, nikasugua, na gari liling'aa kweli. Nataka jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo linalonichoma zaidi: liling'aa. Jirani yangu alisimama langoni akaniuliza kama nimelipiga rangi upya, nami nikajiona fundi. Wiki baada ya wiki nilizidisha nguvu za mkono, na kila wiki matokeo yalinipa sababu ya kuendelea.

Jumamosi moja kitambaa cheupe kilirudi na buluu. Kwanza nilidhani ni uchafu, nikakigeuza upande mwingine, nikasugua mara tatu tu pale pale ukingoni, kikarudi na buluu tena, safari hii iliyokolea. Nilikaa juu ya ndoo nikakitazama kitambaa kile kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

Siku ya Jumatatu nilimpelekea gari kijana mmoja mpiga rangi pale Kisekka, soko la vipuri na mafundi wa magari hapa mjini. Hakuuliza mengi. Aliwasha tochi ya simu, akaimulika boneti kwa upande, na mara ikatokea mikwaruzo myembamba ya duara juu ya duara, kama utando wa buibui uliotandazwa kwenye chuma. Kisha akaniomba chupa, akamimina tone moja katikati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua taratibu, akanipa na mimi nijaribu. Lilikuwa kama maziwa yaliyochanganywa na unga laini wa mchanga. "Mzee," alisema, "wewe hukuwa unalipaka gari nta. Ulikuwa unalipiga msasa."

Kwa wale ambao bado hawajaumizwa, naeleza. Rangi ya gari la kisasa ina tabaka la vanishi juu yake, ambalo mafundi hapa wanaliita kilia, na unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Tabaka hilo ndilo linalobeba mng'ao, na ndilo linalozuia miale ya jua isiipauze rangi iliyo chini yake. Na sisi tunaishi karibu kabisa na ikweta, Kampala ikiwa takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo jua halina huruma na bati la gari. Kilichokuwa ndani ya chupa yangu ni kompaundi, dawa yenye chembe za kukwangua, ambayo fundi huitumia mara chache, kwa uangalifu, ili kuondoa mikwaruzo kwa kulishusha tabaka lile kidogo. Inang'arisha kwa kupunguza. Nta ya kweli, kama ile ya kanauba inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota Brazili, haipunguzi chochote. Inakaa juu, na hupakwa baada ya miezi miwili au mitatu. Kumwambia mtu apake kompaundi kila wiki, tena kwenye kingo ambako rangi huwa nyembamba, ni sawa na kumshauri afagie sebule kwa jembe.

Na viti? Chupa ya pili iliitwa "chakula cha ngozi". Yalikuwa mafuta mazito, yaliyoacha viti vinateleza na kunata kwa wakati mmoja. Ngozi ya magari mengi ya siku hizi imefunikwa kwa rangi na utando wa plastiki laini, hivyo mafuta hayapenyi yakaenda popote. Yanabaki juu yakisubiri vumbi. Baada ya wiki mbili kila kunyanzi lilikuwa na mstari mweusi, na binti yangu alishuka shuleni akiwa na alama ya mafuta mgongoni mwa sweta lake. Niliporudi dukani kulalamika, muuzaji yule yule alinishauri niyatoe kwa sabuni ya unga ya kufulia. Nikafanya, na hapo sina wa kumlaumu ila upumbavu wangu. Sabuni ile ni kali mno kwa ngozi, nami nilisugua kwa brashi. Sasa upande wa kiti cha dereva, pale mtu anapopitisha paja akiingia, utando umebanduka na ngozi imeanza kupasuka nyufa ndogo.

Nilirudi mara ya mwisho na kitambaa chenye buluu mkononi. Nilijibiwa kwamba nimesugua vibaya, kwamba bila risiti hakuna mazungumzo, na kwamba nikiongeza pesa atalipaka gari tabaka la kukinga rangi, "seramiki ya 9H, ngumu karibu sawa na almasi". Huo nao ni ulaghai wa kutumia namba, kwa sababu hiyo H ni kipimo cha ugumu wa penseli, ile ya kuchorea, na haina undugu wowote na almasi.

Ninachofanya sasa nimekipata kwa kijana wa Kisekka, bure. Naosha kivulini, bodi ikiwa imepoa. Maji huanza peke yake, mengi, kutoka paani kwenda chini, mpaka vumbi liwe limeondoka lenyewe kabla kitambaa hakijagusa chochote. Ndoo ni mbili, ya shampuu ya gari na ya kusuuzia kitambaa, na sehemu ya chini ya milango ina kitambaa chake. Kinyesi cha kaloli, wale korongo wakubwa ambao hapa mjini hawachagui gari la nani, nakilowesha kwa tambara lenye maji kwa dakika kumi ndipo nakiinua, wala sikikwangui. Nakausha kwa taulo la maikrofaiba, kwa sababu maji ya kisima yakikaukia juani huacha madoa ya chokaa. Viti nafuta kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni laini kidogo, kisha kitambaa kikavu, na gari naliegesha na kizuia jua kiooni. Mafuta hayaingii tena humo ndani.

Boneti itabidi ipigwe vanishi upya, na bei niliyotajiwa ni zaidi ya mara kumi ya bei ya chupa zote mbili. Chupa ya "nta" ninayo bado, imebaki robo. Yeyote anayetaka kununua kitu kama hicho wiki hii aniambie kwanza, nitamletea tone moja alisugue kwa vidole vyake mwenyewe.