Mrejesho: Hofu iliyokuwa ikinizuia kujifunza useremala

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini mimi, mhasibu mwenye umri wa utu uzima, kila nilipokaribia kujiandikisha masomo ya useremala nilipata sababu ya kuahirisha, huku nikilalamika kwamba maisha yangu hayana mwelekeo. Nawashukuru nyote mliojibu.

Ushauri uliozaa matunda ni ule wa kuandika, kila ninapoahirisha, ni jambo gani hasa ninalohofia litatokea. Fedha na muda vilijitokeza kwanza, lakini chini yake kulikuwa na sauti ya marehemu baba, aliyezoea kusema kwamba fundi ni mtu aliyeshindwa shule. Aliyenieleza kwamba kila tunapokwepa jambo tunapata nafuu ya muda, na kwamba nafuu hiyo ndiyo inayoilea hofu, alinifumbua macho. Kwa ushauri wake nilianza na hatua ndogo, nikawa ninakwenda jioni kwa fundi wa mtaani kushika randa, kisha nikajiunga na kozi fupi ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania. Stuli yangu ya kwanza inayumba, ila mama anaikalia.

Ushauri wa kuwatangazia ndugu wote haukunifaa hata kidogo: kaka alicheka, nami nikasitisha masomo kwa muda, hadi mnasihi niliyemwendea kwa pendekezo la mmoja wenu aliponisaidia kurudi. Kazi ya ofisini sijaiacha, wala sioni kwamba ni lazima. Hofu ya kumtafuta mteja wa kwanza bado ipo, nayo ndiyo mimi na mnasihi tunayoishughulikia sasa.