Yule muuzaji wa Kariakoo mnayemjua kanidhalilisha MBELE ZA WATU, na joistiki yake bado inajizungusha

Rubani wa Buza:

Wakuu, natokea huko sasa hivi, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka, na safari hii joistiki haihusiki.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule wa fremu ya ngazi za nyuma, mwenye kalkuleta kubwa kuliko kaunta. Kila kitu kwake orijino, hata mfuko wa kubebea orijino. Nusu ya humu ndani kashawapiga, nusu iliyobaki iko foleni.

Mimi nacheza Elite Dangerous, ule mchezo wa kompyuta wa kurusha vyombo vya angani. Nilimwambia tangu mwanzo: kaka, nataka joistiki, yaani fimbo ya kugeuzia chombo, na throto, ule mkono wa kuongezea mwendo, na joistiki iwe na sensa za Hall, zile za sumaku zisizosuguana. Sitaki ya potenshiometa, maana ile ni volyumu ya redio ya babu, ikichoka inakwaruza na kurukaruka. Akajipiga kifua: "Hii sumaku tupu mdogo wangu, weka mbali na vijiko." Nikahesabu laki tatu na ushee, nikaondoka naimba.

Haikuchukua muda, chombo kikaanza kugeuka kushoto chenyewe. Sijagusa kitu! Nimenyoosha mikono juu, chombo kinageuka kushoto. Nimeenda jikoni kunywa maji, nimerudi kinageuka kushoto. Na wanaocheza wanajua vile vituo vya angani vya Coriolis mnapotua: mlango wenyewe ufa tu, na kituo kizima kinazunguka. Haya, pita pale na fimbo yenye maoni yake. Nikakwama mlangoni, nikapigwa faini ya kuzuia njia, halafu kituo kikanilipua. Na mzigo wote.

Basi leo nikairudisha. Kwa adabu zote: "Kaka shikamoo, hii inajizungusha." Hakuigusa. Hakuinua macho kwenye simu. Akapaza sauti kama yuko mnadani:

"Mdogo wangu, dunia yenyewe inajizungusha, sembuse hicho kimeli chako?"

DUKA ZIMA, WAKUU. Kuna dada alikuja kununua kava ya simu, akakaa chini kabisa kwa kicheko. Kijana wa mizigo alitua boksi kwanza ili acheke akiwa huru. Mpaka yule mzee wa kahawa nje kaja kuuliza kimesemwa nini, na WAKAMRUDIA.

Dunia yenyewe inajizungusha! Kwani dunia nayo kaiuza yeye?

Njia nzima kwenye daladala nasikia hiyo sentensi tu. Konda kasema "leo tunazunguka na Temeke" nikahisi ananisema mimi. Sina zaidi. Asusiwe. Dunia yenyewe, eti. Pumbavu kabisa.

Karanga za Kuonja:

Nimekaa kiti cha mbele. Endelea mkuu.

Binti Tandale:

Wa kava ni mimi. Sikukaa chini, nilichuchumaa, punguza chumvi. Na mbona hujawaambia wenzio kwamba ulimjibu "dunia ina mhimili"? Hapo ndipo tulipocheka. Ile ya kwanza tulijizuia.

Rubani wa Buza:

Dada, dunia INA mhimili. Sikukosea popote.

Bisibisi Nyota:

Kabla hujamsusia mtu, fungua Windows, andika joy.cpl, chagua joistiki yako, bonyeza Properties, itakuja picha yenye alama ya msalaba. Achia fimbo. Msalaba ukitulia katikati, tatizo liko kwenye mipangilio ya mchezo. Ukicheza wenyewe, hiyo ni potenshiometa imekwisha au vumbi limeingia. Unaweza kuongeza ile sehemu ya katikati ambayo mchezo hauisikilizi, chombo kitaacha kugeuka, ila kulenga shabaha utaanza kukosa kwa sababu miguso midogo midogo nayo haitasikika. Ukijaaliwa hela nyingine, Thrustmaster T.16000M ni mojawapo ya za bei ya chini zenye sumaku, na umbo lake linakubali mkono wowote. VKB Gladiator iko juu yake kwa bei, ila hiyo unachagua kabisa ya kulia au ya kushoto.

Rubani wa Buza:

Nimeandika joy.cpl. Msalaba unacheza singeli. Lakini mkuu hujanielewa, tatizo langu si msalaba. Tatizo ni MBELE ZA WATU.

Mzee wa Fimbo Mbili:

Kosa ni throto. Throto ya nini huko juu? Ndege ya kawaida ina hewa inayoivuta nyuma, ndiyo maana rubani anaweka nguvu mahali pamoja akatulia. Chombo cha angani kinasukumwa mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na juu ya hapo kinageuka pande tatu. Mihimili sita hiyo. Throto inakupa mmoja. HOSAS, mdogo wangu: fimbo kila mkono, kushoto unasukumia, kulia unageuzia.

Sing'oi Throto:

Haya kaja. Kila uzi, hata wa kilimo cha matikiti, huyu anakuja na fimbo mbili. Elite unaweka throto nusu, kwenye lile eneo la bluu ambapo chombo kinakata kona vizuri, unaisahau hapo. Wewe na fimbo yako ya springi ukiachia inarudi katikati, chombo kinasimama. Utaisukuma mbele safari nzima mpaka bega life ganzi.

Mzee wa Fimbo Mbili:

Springi inaondolewa. Soma.

Sing'oi Throto:

Nikisoma mimi, wewe utamfundisha nani?

Miguu Juu:

Huyo huyo muuzaji! Mimi aliniuzia Warthog, ile inayoiga fimbo na throto za ndege ya kivita ya A-10. Nzito, ukiiweka mezani meza inaitika. Nimefika nyumbani nataka kuizungusha ili nigeuze pua ya chombo, haizunguki. Ndivyo ilivyotengenezwa, kugeuza pua unatakiwa uwe na pedali. Hakunigusia hata neno. Nimerudi kumuuliza, kanitazama chini: "Miguu si unayo?"

Rubani wa Buza:

Hiyo ya miguu afadhali mkuu, kakutukana viungo viwili. Mimi kaniangushia sayari.

Msomi wa Jioni:

Chai hii. Buza umeme wa kuendeshea Elite unautoa wapi?

Rubani wa Buza:

Buza kuna umeme mwingi kuliko uliopo kichwani kwako.

Mjomba wa Galaksi:

Mnalia na fimbo wakati Star Citizen, mchezo mwingine wa angani, imeanza kuchangisha hela za kuutengeneza 2012 na hadi leo bado iko kwenye majaribio. Watu wamenunua meli, wamepata watoto, watoto wanaenda shule. Na wakiulizwa wanasema inakaribia.

Sing'oi Throto:

Mjomba, wewe meli unazo ngapi huko?

Mjomba wa Galaksi:

Tusiingie huko.

Kiwiko:

Samahanini kwa kuingilia. Kuna anayemjua fundi wa kuchomelea stendi za kufungia hizi fimbo ubavuni mwa kiti? Meza yangu iko juu, nikicheza mabega yanapanda hadi masikioni. Nataka mkono ulale, kiwiko kikae nyuzi 90. Nimechora na vipimo vyote.

Karanga za Kuonja:

Usinitajie fundi. Wangu ana mlango wangu tangu kabla ya Ramadhani. Kila nikipiga simu: "Niko kwenye rangi bosi." Mlango gani unapakwa rangi muda wote huo, ni wa ikulu?

Binti Tandale:

Wako yuko kwenye rangi, shukuru. Wangu wa kabati kachukua advansi kahama mkoa. Statasi zake yuko Mwanza anakula sato. Nguo zangu bado ziko kwenye beseni.

Rubani wa Buza:

Wakuu turudi kwenye mada. Mzee wa kahawa aliitwa kurudiwa, jamani.

Bisibisi Nyota:

Mimi fundi wangu aliniambia kalala hospitali. Nimeenda na matunda, namkuta anacheza bao.

Miguu Juu:

Binti Tandale, huyo wa Mwanza hakukwambia anafanya na makochi? Maana wangu wa makochi naye kaenda Mwanza na kitambaa changu.

Binti Tandale:

Mrefu, ana pengo, kila mtu anamwita "mzazi"?

Miguu Juu:

NDIYE!

Karanga za Kuonja:

Subirini. Wangu wa mlango naye ananiita mzazi.

Kiwiko:

Anachomelea pia? Nitumieni namba yake.