Mama alale wapi Dubai

Kikundi: NYUMBA YA MKOMANI, LAMU

Alhamisi, baada ya Isha

Maryam: Asalam aleikum jamaa. Tikiti za Umra za Mama na Khale Zeinabu zimetoka, alhamdulillah. Mwezi wa nane, nami nafuatana nao kwa kuwa shule zimefungwa. Wakati wa kurudi ndege inapitia Dubai na kuna nafasi ya kukaa kidogo. Rai yangu: tusiwaache wazee wakisinzia kwenye viti vya uwanja wa ndege. Tuchange, tuwalipie hoteli ya nyota tano pale katikati, chini ya Burj Khalifa, ule mnara mrefu.

Zuhura: Waaleikum salaam. Mimi nimo. Mama hajawahi kulala hoteli maishani mwake ila ile ya Mombasa alipokwenda kutibiwa macho.

Ami Omar: Waaleikum salaam warahmatullah. Maryam, nia yako njema na Mola akulipe. Lakini mtu ametoka Haram, moyo umejaa, mnampeleka kati ya maduka na makelele ya watalii? Na pesa zote hizo kwa kulala tu? Naiona ni israfu.

Maryam: Ami, kwa heshima zote. Mama katulea peke yake tangu Baba afariki, kwa kukanda mikate na kushona kofia. Akilala pazuri mara moja si israfu.

Zuhura: Kofia zile zilinilipia mimi karo ya sekondari yote.

Bakari: Kwani Shela hapa Lamu hakuna hoteli? Watalii wanatoka ng'ambo kuja kwetu, na sisi tunakwenda kwao.

Maryam: Bakari, Shela atapita kwa mashua siku yoyote. Swaleh uko wapi? Wewe ndiye mwenye kazi ya mahoteli huko, tueleze.

Swaleh (Dubai): Asalam aleikum. Nimetoka zamu sasa hivi. Naandika nikiwa metro, mtanivumilia.

Nianze na bei, kwa sababu ndipo watu wetu wengi wanapoumia. Ile bei mnayoiona kwenye tovuti mara nyingi si bei utakayolipa. Hapa Dubai bei ya chumba huongezwa asilimia 10 ya huduma, asilimia 7 ya manispaa, asilimia 5 ya VAT, kisha kuna ada ya utalii, ambayo kwa nyota tano ni dirhamu 20 kwa kila chumba kila usiku. Kwa hiyo chumba kilichoandikwa dirhamu 1,000 utakitoka na kama 1,240. Hizo ni zaidi ya shilingi 40,000 za Kenya. Tovuti nyingine zinajumlisha, nyingine zinakuandikia chini kwa herufi ndogo. Tafuteni palipoandikwa kwamba kodi na ada zote zimo.

Pili, mapokezi watataka kadi ya benki ili wazuie pesa za dhamana, hata kama chumba kishalipwa. Kadi ya kawaida ya Kenya, pesa zile zinaondoka kwenye hesabu yako kweli, na kurudi kwake kunaweza kuchukua siku nyingi. Nimewaona watu wazima wakisimama pale mapokezi na machozi yakiwalenga, wamezuiliwa pesa walizopanga kununulia zawadi. M-Pesa hapa haikusaidii. Dhamana niachieni mimi, nitakuja na kadi yangu.

Zuhura: Masha Allah, Mungu akuzidishie.

Bakari: Shilingi 40,000 usiku mmoja?? Hiyo ni kodi ya nyumba Langoni miezi mingapi.

Swaleh (Dubai): Kaka, Agosti bei zinashuka sana. Wageni wengi wanakuja Disemba hadi Februari, na mkesha wa mwaka mpya ndio hausemeki, barabara zote za pale chini zinafungwa kwa ajili ya fataki. Agosti joto linapita digrii 40, na bahari inatia unyevu juu yake. Wazungu wanakimbia. Chumba kile kile unaweza kukipata kwa nusu ya bei ya Disemba.

Ami Omar: Digrii arubaini, na Mama ana magoti.

Swaleh (Dubai): Hapo ndipo nilipotaka kufika, Ami, na kwa hili nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Watu wakichagua hoteli ya pale wanauliza kitu kimoja: chumba kinatazama mnara na ile chemchemi ya kurusha maji iliyo chini yake, au kinatazama barabara? Cha kutazama chemchemi ni ghali zaidi. Mimi nawaomba muulize kwanza atatembea kiasi gani. Kituo cha metro kinaitwa Burj Khalifa/Dubai Mall, mtu akisikia jina anadhani ukishuka umefika. Kuna daraja la kutembea la zaidi ya mita 800 mpaka ufike ndani ya mall! Lina viyoyozi na njia zinazojiendesha, lakini kwa goti la Mama ni safari. Na mall yenyewe ina maduka zaidi ya 1,200. Mzee akiingia bila mpango anachoka kabla hajaona kitu.

Kwa hiyo: hoteli iliyounganishwa na mall kwa ndani, hata kama chumba kinatazama nyuma. Kiti cha magurudumu kiombwe wakati wa kuweka nafasi, si siku ya kufika. Bafu la kuoga kwa kusimama, si lile la kuruka ukingo, maana pale ndipo wazee wanapoteleza. Na vyumba viwili vyenye mlango wa kati, ili Maryam awasikie usiku.

Khale Zeinabu: Swaleh baba, kibla utakijuaje humo gorofani?

Swaleh (Dubai): Khale, vyumba vya huku vina mshale wa kibla, kwenye dari au ndani ya droo ya meza. Msala ukiomba unaletewa. Na chooni bomba la maji la mkono lipo, usiwe na wasiwasi.

Khale Zeinabu: Na chakula?

Swaleh (Dubai): Nyama ni halali. Nyama ya nguruwe ikiwepo hotelini huwekwa kando na kuandikwa. Pombe ndiyo iko katika hoteli nyingi za nyota tano, tusidanganyane. Ila pale pale katikati kuna hoteli zisizouza pombe kabisa, na ni nzuri sana. Hizo ndizo nitakazowatafutia.

Ami Omar: Hapo umenipoza moyo. Kumbe zipo.

Bakari: Samahani kukatiza. Nani anao ufunguo wa stoo ya chini? Fundi wa tangi amefika.

Zuhura: Uko kwa Mama, msumarini nyuma ya mlango.

Ami Omar: Kuhusu huo mnara, nina jambo nililowasomesha vijana madrasa. Mwaka 2011 mufti wa Dubai alitoa fatwa kwamba anayekaa juu ya ghorofa ya 80 angoje dakika 2 zaidi kufuturu, na wa juu ya 150 angoje dakika 3, kwa sababu yeye bado analiona jua wakati wa chini limeshawazamia. Mita 828! Vijana walinyamaza kimya wakawa wanafikiri. Nilipenda sana kwamba fiqhi haikushindwa na jengo.

Maryam: Subhanallah, hilo sikulijua.

Swaleh (Dubai): Ni kweli Ami. Tikiti za kupanda mpaka ghorofa ya 124 zipo, na saa ya kuzama jua ndiyo ghali zaidi. Mimi singewapandisha. Lifti ni ya kasi, masikio yanaziba, foleni ndefu. Mnara unaonekana vizuri zaidi ukiwa chini yake, bure.

Zuhura: Na ile chemchemi?

Swaleh (Dubai): Jioni inacheza kila nusu saa hivi, kwa muziki. Umati unakuwa mkubwa mno kando ya maji, watu wamenyanyua simu, mzee hapati pa kushika. Wakikaa ndani nyuma ya kioo, kwenye mgahawa wa ghorofa ya kwanza au ya pili, wataiona yote wameketi na chai.

Na jambo moja kutoka kwangu, mniruhusu. Mkiwa chumbani na akaja mtu kutengeneza vitanda, msalimieni. Anaweza kuwa mtu wa Kwale, wa Nepal, wa Ufilipino. Anapewa vyumba vingi kwa zamu moja na wageni wengi wanampita kama ukuta. Bahashishi si lazima, asilimia ile ya huduma ishakatwa. Lakini salamu inabaki na mtu siku nzima. Mimi bado namkumbuka bibi mmoja wa Oman aliyeniuliza mama yangu anaitwa nani.

Khale Zeinabu: Mwanangu umeniliza. Nitawasalimia wote, na halwa nitakuja nayo.

Zuhura: 🤲🤲

Maryam: Basi tupige hesabu kesho. Lakini Mama mwenyewe hajasema kitu. Zuhura uko naye?

Zuhura: Niko naye, anasikiliza, nimemsomea yote. Anataka kurekodi sauti, kisha nitaiandika kwa ajili ya Ami asiyefungua sauti.

(Ujumbe wa sauti)

Zuhura: Mama anasema hivi, naandika kama alivyosema:

"Wanangu, nimewasikia. Msitete na ami yenu, asema kwa kunipenda. Mimi nataka kulala humo gorofani, siwafichi. Nataka nione ni nini wanachokilipia watu pesa zote hizo, na nikirudi niwaeleze wajukuu kwa mato yangu, si kwa simu. Lakini Swaleh, nina haja moja. Babangu alikuwa akikata boriti mikokoni, huko Dodori. Akiondoka tukimkosa wiki nzima, akirudi miguu imechanwa na chaza. Majahazi ya Waarabu yakija na kaskazi, na tende na mazulia, na kusi ikianza yakaondoka na boriti. Mimi mdogo namuuliza, baba, miti yetu yenda wapi? Akinambia, yenda kuwa nyumba za watu wa Manga. Hakupata kuziona. Basi kama kuna nyumba hata moja iliyosalia, nipelekeni. Baada ya hapo nilazeni popote."

Bakari: Allahu akbar. Sikujua kama Babu alikata boriti. Mimi nilijua uvuvi tu.

Ami Omar: Alikata, naye alikuwa na nguvu si mchezo. Kazi ile iliwalisha watu wengi wa visiwa vyetu mpaka mwaka 1982, serikali ilipopiga marufuku boriti kuuzwa nje. Wengi walirudi pwani mikono mitupu.

Swaleh (Dubai): Mama, nimesimama hapa kituoni, watu wananipita. Zipo. Nyumba za kale za Shindagha na Al Fahidi, kando ya hori la bahari, zimejengwa kwa mawe ya bahari na chokaa kama zetu, na darini ni boriti za mikoko kutoka Afrika Mashariki. Wenyewe huziita chandal. Vyumba vyao vyembamba vile vile kama vya Mkomani, kwa kuwa boriti haifiki mbali. Kuna nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum pale Shindagha, ya mwaka 1896, sasa makumbusho. Nimeifanyia usafi wa siku moja tulipotumwa na kampuni, nikatazama juu, na sikujua kama ni jambo la nyumbani kwetu.

Kutoka hotelini mpaka huko tutakwenda kwa teksi asubuhi mapema kabla jua halijapanda. Tukimaliza tunavuka hori kwa abra, mashua zao za kuvushia watu, nauli dirhamu 1 kwa mtu, tunafika Deira, Khale anapata bizari na udi wake. Adhuhuri wamesharudi chumbani kwenye baridi, wanapumzika. Jioni chemchemi.

Maryam: Hiyo ndiyo safari sasa. Mwanzoni mimi niliwaza mnara tu.

Ami Omar: Nami naondoa neno langu la israfu. Mzee kwenda kutazama kazi ya mikono ya babake ni silatur-rahim, kuunga udugu. Natoa 10,000. Ila Swaleh, hoteli iwe ile isiyo na pombe, nimekuamini.

Swaleh (Dubai): Inshallah Ami. Na nitaomba wawaachie chumba mapema. Kawaida kuingia ni saa tisa alasiri na kutoka saa sita mchana, lakini ndege ya Jeddah ikifika asubuhi wazee hawawezi kukaa mapokezi mpaka alasiri. Ukiandika kabla, ukaeleza ni mtu mzima, mara nyingi wanakubali, hasa Agosti vyumba vikiwa vitupu.

Bakari: Nami 5,000 mwisho wa mwezi. Na nauli ya mashua na basi mpaka Mombasa ni juu yangu, kwenda na kurudi.

Zuhura: Mimi 15,000. Mama anauliza boriti anaruhusiwa kuzigusa?

Swaleh (Dubai): Za darini ziko juu, lakini baadhi ya nyumba zina boriti zilizotokeza ukutani, mkono unafika. Nitauliza walinzi kabla.

Maryam: Haya. Wote tumeni kwangu kufikia Jumatatu, nitaandika hapa kila kinachoingia. Viza haingoji, lazima iombwe kabla ya safari. Naomba picha za pasi za Mama na Khale usiku huu, ukurasa wa mbele, zisiwe na kivuli. Na ziwe na uhai wa miezi sita kuanzia siku ya kuingia.

Zuhura: Ya Mama hii hapa. Inaisha 2031.

Khale Zeinabu: Yangu nimeifungua sasa. Imeandikwa Novemba mwaka huu. Hiyo inatosha?

Maryam: Haitoshi Khale. Kesho asubuhi nakupitia, tuanze kuomba mpya. Usilale na wasiwasi, muda upo.