Tupeane uzoefu: faili likikatika kabla programu haijamaliza kusoma

Mleta mada: Wakuu, naanza na yangu. Programu yangu ya Python ilikuwa ikihifadhi data kwa pickle (njia ya Python ya kuandika data kwenye faili) kila baada ya dakika chache. Umeme ukakatika ikiwa katikati ya kuandika. Kuwasha tena, nakutana na EOFError: Ran out of input, yaani faili limeisha (EOF ni "end of file") kabla data haijapatikana. Faili lina baiti 0! Kumbe ukilifungua kwa "wb" (hali ya kuandika), vya zamani vinafutwa kabla vipya havijaandikwa. Kazi ya wiki nzima ikapotea, iliniuma sana. Tangu hapo naandika kwenye faili la muda, naita fsync ili data ifike kweli kwenye diski, ndipo natumia os.replace kuliweka mahali pa lile la zamani. Ninyi yamewakuta yapi?

Mchangiaji wa 1: Pole mkuu. Mimi niliumizwa na while (!feof(f)) kwenye C, yaani "endelea kusoma maadamu feof haijasema faili limeisha". Rekodi ya mwisho ilikuwa inahesabiwa mara mbili. Feof haitabiri kitu, inakubali kwamba faili limeisha baada ya usomaji kugonga mwisho. Siku hizi naangalia fread, ile inayosoma faili, imerudisha ngapi, basi.

Mchangiaji wa 2: Yangu ni ya soketi, yaani mawasiliano ya programu mbili kupitia mtandao. Ukiiomba recv, ile inayopokea data, baiti 4096 inaweza kukupa 1000, na hilo si kosa. Mimi nilidhani ujumbe umefika wote, nikaupeleka moja kwa moja kusomwa kama JSON (muundo wa data wa maandishi), nikaambiwa umeishia njiani. Siku tatu nahangaika, maana kwenye mashine yangu ulikuwa unafika mzima. Dawa niliyoipata: tanguliza urefu wa ujumbe kwa baiti 4, kisha endelea kusoma mpaka zitimie. recv ikirudisha 0 kabla hazijatimia, mwenzako amefunga. Huo ndio mkato wa kweli.

Mchangiaji wa 3: Ndiyo maana naipenda lugha ya Go. io.ReadFull, inayosoma mpaka idadi uliyoomba itimie, inatoa io.EOF kama haikupata hata baiti moja, na io.ErrUnexpectedEOF kama ilipata pungufu. Mwisho halali na mkato havichanganywi.

Mchangiaji wa 4: Jamani, msiandike except EOFError: pass, yaani kulipuuza kosa hilo kimyakimya. Mtangulizi wangu aliiweka kwenye msimbo wa kusoma mafaili ya gzip (yaliyobanwa). Faili moja lilipakuliwa nusu, ripoti zikatoka pungufu miezi miwili bila mtu kushtuka. Na gzip ina baiti 8 mwishoni, CRC32 (namba ya kuhakiki data) na ukubwa wa asili, zimewekwa makusudi ili tujue. Nimeifuta ile pass; sasa faili lililokatika linawekwa kando na kupakuliwa upya.