Shahada ya uzamili kwa muuguzi wa idara ya dharura: nisome mahututi na majeruhi, au dharura yenyewe?

Mwana Zamu ameuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu wauguzi. Nina shahada ya kwanza ya uuguzi, nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na kwa sasa nipo idara ya dharura ya hospitali moja ya rufaa ya mkoa hapa Dar es Salaam. Kazi hii nimeipenda na sina hamu ya kurudi wodini. Hapa nyumbani ninaona shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ilhali Afrika Kusini ipo stashahada ya uzamili ya uuguzi wa dharura peke yake. Mfawidhi wangu anasema yote ni mamoja, kwa kuwa mgonjwa wa dharura wa leo ndiye mahututi wa kesho. Jibu hilo halijaniridhisha. Ninaomba waliosoma au wanaofundisha wanieleze tofauti iko wapi, na kama inatosha kumtoa mtu nyumbani kwake.

Sista Mkufunzi amejibu:

Mdogo wangu, mfawidhi wako amesema nusu ya ukweli. Mgonjwa anaweza kuwa yuleyule, lakini kazi ya muuguzi si ileile. Muuguzi wa chumba cha mahututi humpokea mtu ambaye tayari ana faili na ugonjwa uliotajwa, akakaa naye yeye mmoja au na mwingine wa pili, akifuatilia mashine ya kupumulia, dawa zinazoingia kwa mpira, mkojo na shinikizo la damu saa baada ya saa. Wewe unapokea watu usiowajua, kwa mkupuo: kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mama mwenye kisukari anayehema kwa kasi, mtoto anayetapika, na mzee aliyekaa kimya kwenye benchi ambaye pengine ndiye mgonjwa kuliko wote. Uamuzi wako wa kwanza hauhusu dawa, unahusu nani atangulie.

Uamuzi huo una elimu yake. Chukua kipimo cha triaji, yaani cha kupanga wagonjwa kwa uharaka wa hali zao, cha Afrika Kusini, ambacho mizizi yake iko Cape Town na sasa kinatumika katika nchi kadhaa. Muuguzi hukusanya alama kutokana na namna mgonjwa anavyotembea, kasi ya kupumua, mapigo ya moyo, shinikizo la damu (ile namba ya juu), joto la mwili, hali ya fahamu na kuwapo kwa jeraha, kisha huzipima pamoja na dalili za hatari zinazoonekana na kumpa mgonjwa rangi ya uharaka wake. Mwenye rangi nyekundu huhudumiwa papo hapo, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa 1, na wa kijani ndani ya saa 4. Kujaza fomu hiyo mtu hujifunza haraka. Kinachohitaji masomo marefu ni kujua lini alama zinadanganya, kwa mfano kwa mzee anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, ambaye anaweza kuwa anavuja damu ndani huku mapigo yake yakihesabika kuwa ya kawaida.

Hata hivyo sikushauri uchague kwa kuangalia jina la shahada. Omba ratiba ya mafunzo kwa vitendo kabla hujalipa ada ya maombi, uone ni wiki ngapi zimetengwa kwa idara ya dharura na ngapi kwa chumba cha mahututi, na nani atakayesimama nawe kitandani na kutia saini kwamba unaweza. Madaktari wetu walipata njia yao mapema: idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo mafunzo ya udaktari bingwa wa tiba ya dharura yakaanza. Wauguzi wengi waliojenga idara za namna hiyo wamejifunzia kazini, na wengine wanawazidi wenye vyeti, lakini ujuzi wao haujaandikwa popote. Ukisoma hapa nyumbani, basi hata tasnifu yako iwe ya idara ya dharura. (Zipo tasnifu nyingi za wodini zinazosinzia makabatini.)

Kaka Mdhibiti amejibu:

Sista amemaliza upande wa taaluma, mimi niseme upande wa ofisi. Kama wewe ni mtumishi wa umma, anza na mpango wa mafunzo wa mwajiri wako, kwa sababu kuondoka bila kibali kunaweza kukugharimu mshahara na hata ajira. Ukisoma nje, tuzo yako itahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hivyo uliza mapema kama chuo na ngazi ya masomo vinakubalika. Usisahau kwamba stashahada ya uzamili na shahada ya uzamili si ngazi moja. Anayetaka kuja kufundisha chuoni ataulizwa shahada. Kwa Afrika Kusini kuna jambo jingine: kumgusa mgonjwa kunahitaji usajili wa baraza la wauguzi la huko, na hilo lina karatasi zake na muda wake.

Mtu wa Temeke amejibu:

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Fedha za mkopo wa UVIKO-19 zilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi nchini, na ndani yake wapo wauguzi ambao hawatapata nafasi ya uzamili hivi karibuni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2018 kozi ya siku chache ya huduma za msingi za dharura, inayofundisha kuanzia njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu na fahamu, hadi kumvua mgonjwa nguo na kumkagua mwili mzima. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambako kozi hiyo ilijaribiwa. Dada aipate kwanza, awe mwezeshaji, ndipo aombe chuo.

Sista Mkufunzi amejibu:

Ndugu wa Temeke, aipate, sina ubishi. Ila kozi hiyo inamfundisha kumwokoa mgonjwa aliye mbele yake. Haimfundishi kuendesha idara yenye wagonjwa arobaini na wauguzi watano, wala kupima kama triaji ya zamu ya usiku ni sawa na ya mchana.

Mwana Zamu amejibu:

Ahsanteni sana. Sista, nikiikuta ratiba ya vitendo imeelemea chumba cha mahututi, je, chuo kinaweza kukubali nibadilishiwe baadhi ya wiki?

Sista Mkufunzi amejibu:

Liombe kwa maandishi kwa mratibu wa programu kabla ya kusajiliwa, ukitaja idara utakayokwenda na msimamizi aliyekubali kukupokea. Ombi lisilo na jina la msimamizi huwa halijibiwi.